Kijito Kilikauka Nabii Akiwa Ukingoni

Somo: 1 Wafalme 17:1–16

Mfanyakazi wa hoteli pale Diani huisoma hali ya uchumi ukutani, karibu na jikoni, inapobandikwa ratiba ya zamu. Wageni wakiwa wengi, tangu Desemba hadi Machi, jina lake limo siku sita kwa wiki. Mvua za Aprili zikianza, siku huwa nne, kisha mbili. Hajafukuzwa. Jina ndilo linalopungua, mpaka Jumatatu moja halimo kabisa, na msimamizi anamwambia, "Nenda nyumbani, tutakupigia." Kabla hajafika kituo cha matatu ameshapiga hesabu: kodi ya chumba Ukunda, karo ya mtoto wa sekondari, mkopo wa sacco, na daftari la mwenye duka. Usiku anajilaza, lakini usingizi hauji.

Hofu hii si ngeni katika kaunti yetu ya Kwale. Kiwanda cha sukari cha Ramisi kilifungwa mwaka 1988, na vijiji vilivyoishi kwa miwa vikakaa miaka mingi bila mshahara huo, hadi kampuni ya sukari ya KISCOL ilipokuja kupanda upya. Agosti 1997 ghasia za Likoni ziliwakimbiza watalii, na hoteli za pwani ya kusini zikabaki na vitanda vitupu. Machi 2020 ndege za abiria kutoka nje zilisimamishwa kwa sababu ya korona, na Aprili, siku chache kabla ya Pasaka, Kwale, Mombasa na Kilifi zikafungwa, hakuna kuingia wala kutoka. Kisha Desemba 2024 Base Titanium ikamaliza kuchimba mchanga wa madini, karibu miaka 11 tangu meli ya kwanza ilipopakia shehena Februari 2014. Madini yalikuwa yamekwisha ardhini. Watu waliozoea basi la kazini alfajiri wakaanza kuzungusha barua za maombi.

Basi tumsikilize Eliya. Kama kuna mtu aliyewahi kuwa na riziki ya uhakika, ni yeye. Mungu mwenyewe alimwelekeza aende mashariki ya Yordani, akae kwenye kijito cha Kerithi, akamwahidi kwamba pale atakunywa na atalishwa. Eliya alitii. Hakukosea njia, hakuasi, hakuchelewa kazini. Na mstari wa 7 unasema kwamba baada ya muda kijito kilikauka.

Biblia inatoa sababu, nayo ni fupi: mvua haikunyesha katika nchi. Haisemi Eliya alitenda dhambi ya siri. Haisemi kuna adui aliyemfungia baraka. Haisemi jirani alimtupia jicho. Kulikuwa na ukame, na ukame ule uliwapata wote, hata nabii aliyeutangaza mbele ya Mfalme Ahabu kwa kinywa chake.

Sisi wa Kwale tunahitaji kuusoma mstari huu polepole. Mtu akiachishwa kazi, haraka hutafutwa wa kulaumiwa: shangazi mzee, mke mwingine wa marehemu baba, jirani asiyecheka sana. Katika kaunti zetu za Pwani wazee wameuawa kwa shutuma za uchawi, na pengine mwanzo wa yote ni kijana aliyekosa kazi na mtu aliyemnong'oneza chanzo. Nasi kanisani tunayo namna yetu ya dhambi hiyo hiyo, pale tunapomwambia aliyepoteza kazi kwamba hakutoa zaka, au imani yake ni ndogo. Maandiko yanaposema mvua haikunyesha, tusimtafute mchawi. Madini yakiisha, yameisha. Wageni wakikatazwa kusafiri, si mhudumu wa mezani aliyewazuia.

Jambo la pili limo katika mpangilio wa mistari. Kijito kinakauka mstari wa 7. Neno la Bwana la kumwambia Eliya aende wapi linamjia mstari wa 8. Halikuja maji yakiwa mengi, ili ahame kwa starehe akiwa na akiba. Hatuambiwi alikaa siku ngapi akiyatazama maji yakishuka, mawe ya chini yakianza kuonekana. Wengi wetu tunaishi hapo kati, baada ya mstari wa 7 na kabla ya mstari wa 8. Barua ya kuachishwa imeshatoka, simu ya kazi nyingine haijalia. Kipindi hicho kimo ndani ya Biblia, na mtu wa Mungu alipita humo. Kunyamaza kwa Mungu Jumanne si ushahidi kwamba Jumatano hatasema.

Tuwatazame pia waliotumwa kumlisha pale kijitoni: kunguru. Kunguru wa Pwani tunamjua. Mhudumu akigeuka kuchukua birika, mkate wa mgeni umeshapaa. Kero yake imekuwa kubwa hata mwaka 2024 shirika la wanyamapori la KWS lilitangaza mpango wa kuwaangamiza kunguru milioni moja. Torati nayo ilimweka miongoni mwa ndege wa kuchukiza, wasioliwa (Walawi 11:15). Huyo mwizi wa mezani ndiye aliyemletea nabii mkate na nyama, asubuhi na jioni. Na kijito kilipokauka, Mungu hakumpandisha Eliya daraja. Alimpeleka Sarepta, katika nchi ya Sidoni, alikotoka Malkia Yezebeli, akalishwe na mjane wa watu wengine.

Mjane huyo anakutwa langoni mwa mji akiokota kuni. Ana konzi moja ya unga pipani na mafuta kidogo chupani, kama yale ya kupima tunayonunua dukani mwezi unapokwisha. Hafichi kitu. Anamwambia mgeni waziwazi mpango wake: atapika chakula cha mwisho, yeye na mwanawe wale, kisha wangoje kufa. Eliya hamkemei kwa kusema maneno ya kushindwa. Hamwambii akiri ushindi. Anamwambia asiogope, halafu anamwambia aende akafanye kama alivyosema. Yaani kuni aokote, moto auwashe, unga aukande. Neno la Mungu halikumwondoa kazini. Lilimkuta kazini, likamwondolea hofu iliyokuwa imeigeuza kazi ile kuwa maandalizi ya mazishi.

Ndiyo sababu anayengoja simu ya hoteli hapaswi kuona aibu kuchoma mahamri, kupanda mihogo, kumsaidia fundi wa makuti au kushika bodaboda ya ndugu. Kuni mbili za mjane hazikuwa mradi mkubwa, lakini Eliya alimkuta nazo mkononi.

Hapa pia pana hatari, na ni lazima isemwe. Kwa kuwa Eliya alimwomba yule mama amtengenezee yeye kwanza mkate mdogo, wako wahubiri wanaolichukua andiko hili na kumwambia aliyebakiwa na elfu moja: panda mbegu, mpe mtumishi, kesho utavuna kazi. Soma mpaka mstari wa 15. Eliya hakuchukua mkate akapanda gari akaenda zake. Aliingia nyumba ile, akala na wenyewe siku nyingi kutoka pipa lile lile. Kama pipa lingekauka, naye angelala njaa pamoja nao. Mtumishi anayekuomba konzi yako ya mwisho, kisha harudi kuuliza watoto wamelalaje, hana haki ya kujiita Eliya.

Tena ona alichoahidiwa mjane. Hakuahidiwa ghala. Aliahidiwa kwamba unga hautakwisha na mafuta hayatapunguka mpaka siku ya mvua. Hatusomi popote kwamba pipa lilijaa. Kila asubuhi alikuta kiasi cha siku, na kila asubuhi ilimbidi atie mkono aone. Sisi tungependa ulinzi wa namna nyingine: mkataba wa kudumu, akiba ya miezi 12, uhakika kwamba mwajiri hataondoka. Ni vizuri kuvitafuta, na mwenye busara huweka akiba wageni wakiwa wengi kwa kuwa anajua Aprili inakuja. Lakini nyumba ya Sarepta inatuonyesha kwamba Mungu anaweza kumtunza mtu miezi na miaka bila pipa kujaa hata siku moja.

Na alimtunza Eliya kwa kuwaweka pamoja wenye njaa. Nabii asiye na maji na mjane asiye na unga walikuwa wahitaji wote wawili. Kila mmoja peke yake alikuwa anaelekea kufa. Chini ya dari moja, neno la Mungu na unga wa mjane vikakutana, mtoto akala. Bwana Yesu alipowakumbusha watu wa Nazareti kwamba walikuwako wajane wengi katika Israeli, na Eliya akatumwa kwa yule wa Sidoni (Luka 4:25–26), walikasirika wakataka kumtupa kutoka ukingo wa kilima. Hawakupenda kusikia kwamba msaada wa Mungu unaweza kukaa katika nyumba ya jirani wa imani nyingine. Sisi Wakristo wa Kwale, tulio wachache kati ya majirani Waislamu, tunalijua jambo hili kwa matumbo yetu. Wangapi kati yetu walivuka mwaka 2020 kwa sahani iliyopita juu ya ua wakati wa futari? Wangapi wamepata kibarua kwa sababu Mzee fulani wa mtaa alisema, "Huyu ni kijana wetu, mpeni"? Tulipokee kwa shukrani, na sahani isirudi tupu.

Basi hofu ya kupoteza kazi isibaki siri ya mtu mmoja. Ndugu ambaye jina lako halimo kwenye ratiba wiki hii, waambie wenzako wa jumuiya kama mjane alivyosema langoni: nina hiki tu. Mwenye zamu sita, mkumbuke mwenye mbili. Kodi ya mwezi mmoja ikilipwa na watu wanane hakuna anayeumia. Wewe unayeipanga ratiba, ukilazimika kupunguza siku, ona kama mzigo unaweza kugawanywa kabla hujamkata mmoja jina lote. Na wewe mwenye nafasi ya kazi shambani, dukani au kwenye mjengo, itangaze Jumapili kabla ya matangazo ya harambee.

Maswali ya kutafakari: Ni nani katika mtaa wako yuko kati ya mstari wa 7 na mstari wa 8? Anajua kwamba wewe unajua?

Tuombe. Ee Mungu wa Eliya na wa mjane wa Sarepta, unawajua watu wako wa Diani, Ukunda, Msambweni na Ramisi waliopokea barua, na wale wanaoogopa kuipokea. Utuondolee hofu inayotutafutia wachawi. Utupe riziki ya leo, na macho ya kumtambua unayemtuma aipitishe, hata akiwa kunguru. Na hadi mvua itakaponyesha, utufundishe kula pamoja. Katika jina la Yesu Kristo, Amina.