Mchoraji akiisha kufa, tunamheshimu namna gani?

Mchoraji akikufa, shule ya sanaa inatundika tablo zake ku ukuta, mkubwa wa shule anasema maneno mazuri, wanafunzi wanasimama kimya. Ni vizuri. Mtu kuzikwa bila kuliliwa ni aibu kwa jamaa nzima, na shule nayo ni jamaa. Lakini tunajiuliza: ile heshima ni ya nani? Ya marehemu, ao ya sisi tunaobaki?

Tutwae mfano wa hapa Lubumbashi. Mwaka 1946 Mfaransa mmoja, Pierre Romain-Desfossés, alifungua atelie yake, ile iliyoitwa Le Hangar. Hakutaka watu waige vitu vya Ulaya. Pilipili Mulongoy akachora ndege na samaki kati ya majani. Mwenze Kibwanga akajaza tablo zake kwa mistari mifupi mifupi ya rangi. Bela, yeye, alipaka rangi na vidole vyake. Mwaka 1951 Laurent Moonens akaanzisha Akademi ya sanaa mu mji huu huu, na kiisha kufa kwa Romain-Desfossés mwaka 1954, Pilipili na Mwenze wakafundisha mule. Mwenze alitutoka mwaka 1999, Pilipili mwaka 2007.

Wengine wanasema: mwanafunzi akichora ndege kama wa Pilipili, amemheshimu mzee. Sisi hatukubali mbio. Yule anayeiga Bela na brosi anaiga nini? Anaiga alama za vidole pasipo vidole! Kuiga si mubaya ku mwanzo. Hata mtoto anajifunza kusema kwa kufuata mama yake. Lakini kuna siku mama anangojea mtoto aseme lake.

Tena kuna jambo lenye kutuuma zaidi. Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa hapa mwaka 1947, hakutoka mu Akademi. Alichora kwa kuuza, tablo za kutundika mu salon ya watu wa kawaida, na kichwa kimoja alikirudilia mara nyingi, kwa sababu kila nyumba ilitaka ukumbusho wake. Hakuna aliyeita ile wizi. Mwaka 1973 na 1974 alichora historia nzima ya inchi yetu, tablo 101, kwa ajili ya mwalimu Johannes Fabian. Leo ziko Amsterdam. Mwenyewe alijiita mwanahistoria. Ku mwanzo wa miaka ya 1980 akapotea. Hatuna kaburi, hatuna tarehe.

Sasa, shule itasimama kimya siku gani juu yake? Mtu atajibu: hakuwa mwanafunzi wetu, hatuna dosié yake. Ni kweli, na shule ina haki ya kuanza na watoto wake. Lakini matanga ya kwetu haiulize diplome. Jirani anakuja, hata yule mliyegombana naye juu ya mupaka wa shamba, na anapewa kiti.

Tunaomba basi kitu kidogo. Siku ya ukumbusho, pembeni ya tablo za wazee wa Hangar, waache fasi moja wazi ku ukuta, na chini yake waandike jina ya Tshibumba. Mwanafunzi akiuliza juu ya nini hakuna tablo, mwalimu amweleze iko wapi, na namna gani ilifika kule.