Mkulima wa Pili

Tuseme ni mwezi wa Julai, Chanji, katika Manispaa ya Sumbawanga. Mvua za Ufipa zimeshakoma, mahindi yamekauka na kupukuchuliwa, na baridi inawafanya watu wavae makoti hata jua likiwa limepanda. Kikundi cha wanunuzi wa mahindi kimechoshwa na daftari, kwa sababu kila msimu hesabu zilizoandikwa na fedha zilizobaki kwenye kasha hazikubaliani. Wakamwita kijana wa mtaani kwao anayejifunza Python, wakamwambia, "Mwanetu, tuandikie programu ya kupimia."

Kijana huyu simpi jina. Kisa chake nimekitunga kwa ajili ya wanaojifunza, na alichokosea yeye hukosewa na karibu kila anayeanza.

Kazi aliyopewa ndiyo ile wanafunzi hupewa wakishafika kwenye vitanzi, zile lupu: menyu yenye machaguo matatu. Moja, pima mahindi. Mbili, angalia jumla ya siku. Tatu, hifadhi na utoke. Ukichagua moja, programu inauliza jina la mkulima, kisha kilo za gunia moja baada ya jingine mpaka uandike sifuri. Hapo inakuonyesha jumla na kuuliza jina la mkulima anayefuata. Kitanzi cha magunia kimo ndani ya kitanzi cha wakulima, na vyote viwili vimo ndani ya kitanzi cha menyu. Mambo haya si mageni Chanji. M-Pesa ilianza Tanzania mwaka 2008, na kila anayebonyeza *150*00# anapita kwenye menyu iliyo ndani ya menyu, akitarajia kwamba kila hatua itampa njia ya kuendelea au ya kutoka.

Sehemu ya kupima aliiandika hivi:

jumla = 0
while True:
    jina = input("Jina la mkulima: ")
    while True:
        kilo = int(input("Kilo: "))
        if kilo == 0:
            break
        jumla = jumla + kilo
    print(jina, jumla)

Usiku ule akaijaribu. Akaandika jina lake mwenyewe, akaandika gunia moja la kilo 100, akaandika sifuri. Programu ikajibu 100, ikauliza jina la mwingine. Akafurahi, akafunga dirisha, akalala.

Asubuhi magunia yakapangwa juu ya turubai. Vijana wa mizani walikuwa nje wakitaja kilo kwa sauti. Ndani alikaa kijana na kompyuta, na pembeni yake mweka hazina aliyelipa kile kilichosomeka kwenye skrini. Tuseme bei ilikuwa shilingi 500 kwa kilo. Mkulima wa kwanza alileta magunia matatu: 96, 101 na 99. Programu ikasema 296, naye akapokea shilingi 148,000, sawasawa na haki yake. Wa pili alileta mawili, 97 na 100. Programu ikasema 493. Wa tatu alileta manne yenye jumla ya kilo 399, programu ikasema 892. Wote wawili walikunja noti, wakaaga, wakaondoka. Siwalaumu sana, mtu aliyezoea kupunjwa miaka yote kwa lumbesa, yaani gunia linalojazwa kupita kipimo, siku mizani ikimpendelea hana haraka ya kuuliza.

Kikundi kiliokolewa na mama mmoja aliyeleta gunia moja tu la kilo 103.

"Mwanangu," alisema, "mimi nimeleta gunia moja. Hizi kilo 995 ni za nani?"

"Samahani mama, subiri kidogo niangalie."

Zilikuwa za wote waliomtangulia. Mstari wa jumla = 0 ulikaa juu ya vitanzi vyote viwili, kwa hiyo ulitekelezwa mara moja tu, kabla mkulima wa kwanza hajafika. Hakuna kilichoirudisha jumla kwenye sifuri alipoingia wa pili. Kufikia hapo kikundi kilikuwa kimelipa shilingi 394,500 zaidi ya haki.

Kijana akataka kurudi kwenye menyu ahifadhi orodha, ajue nani arudishe nini. Akaandika 3. Programu ikaipokea kama jina la mkulima, ikamwuliza kilo za Bwana Tatu. Akaandika sifuri, ikarudi kuuliza jina. Ile break inakutoa kwenye kitanzi kile tu ulichomo, kama mlango wa chumba unaokuleta ukumbini bila kukufikisha nje. Kitanzi cha wakulima hakikuwekewa mlango wowote. Jasho likimtoka, akafunga dirisha kwa nguvu, na orodha yote ikapotea, maana faili lilikuwa linaandikwa kwenye chaguo la tatu peke yake. Wakati huo mkulima wa tatu alikuwa ameshapanda basi la Laela.

Marekebisho yalikuwa madogo. Mstari wa jumla = 0 unashuka na kuingia ndani ya kitanzi cha wakulima, chini ya jina. Jina likiachwa tupu, break ya pili inakurudisha kwenye menyu. Na kila mkulima akimaliza, taarifa zake zinaandikwa kwenye faili papo hapo. Lakini jambo ninalotaka lishike kichwani ni hili: jaribio lake la usiku lisingeweza kuonyesha kosa hata moja. Mkulima mmoja mwenye gunia moja anafanya jumla yake na jumla ya siku ziwe namba ile ile. Kitanzi cha nje kinafanya kazi mara moja, cha ndani kinapokea gunia moja, na aliyeviandika hawezi kujua kipi kimefanya nini. Unapaswa kumleta wa pili ndipo tofauti ionekane.

Asidhani mtu kwamba haya ni ya wanaoanza peke yao. Tarehe 15 Januari 1990 mtandao wa simu za masafa marefu wa kampuni ya AT&T nchini Marekani ulilemaa kwa takriban saa tisa, na mamilioni ya simu hayakupita. Hiki si kisa cha kutunga. Mtambo mmoja wa New York ulipata hitilafu ndogo, ukajiwasha upya kama ulivyotakiwa, ukaanza tena kutuma ujumbe kwa mitambo jirani. Majirani hao walikuwa na programu mpya iliyowekwa katikati ya Desemba 1989, iliyoandikwa kwa lugha ya C. Ndani yake mlikuwa na break iliyokaa ndani ya if, ndani ya switch (muundo wa kuchagua njia moja kati ya kadhaa), ndani ya kitanzi. Katika C, break haiitambui if. Inatoka kwenye switch nzima, na mistari iliyopaswa kutekelezwa ikarukwa. Ujumbe ulipofika mmoja peke yake, mambo yalikwenda vizuri. Wa pili ulipofika kabla wa kwanza haujamalizwa, taarifa ziliharibika, mtambo ukajizima, ukajiwasha, ukatuma ujumbe wake, ukawaangusha jirani zake nao. Mitambo 114 ikawa inaangushana hivyo kwa saa hizo zote. Hapo walikuwapo mafundi hodari na majaribio yalikuwa yamefanyika, lakini wa pili hakuwa amekuja kwa namna ile.

Kwa hiyo mwalimu unayetoa zoezi la menyu, iwe Sumbawanga au kwingineko, usimpe mwanafunzi alama kwa sababu ameonyesha jibu moja sahihi. Kaa naye, mwambie apime wakulima wawili, kila mmoja na magunia mawili yenye uzito tofauti, kisha arudi kwenye menyu, aangalie jumla, achague tatu na atoke. Namba zake azikokotoe kwanza kwa kalamu kwenye karatasi. Nawe unayejifunza peke yako usiku, ifanyie hivyo hivyo programu yako kabla ya kuipeleka mbele ya mizani na fedha za watu.