Kutengeneza na Kunyamazisha

Miongoni mwa maswali ambayo kazi ya ufundi imenilazimisha kuyatafakari, lipo moja linaloonekana dogo: kutengeneza ni nini? Je, ni kuufanya mtambo uzunguke tena, au ni kuufanya useme kweli tena? Wengi watasema kwamba hayo mawili ni jambo moja. Mimi siamini hivyo.

Mitambo mingi ya viwandani huongozwa na kifaa ambacho mafundi hukiita PLC, yaani kidhibiti kinachofuata programu. Kilizaliwa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1960, pale kampuni ya magari ya General Motors ilipochoshwa na makabati yaliyojaa rilei na nyaya. Kidhibiti husoma habari kutoka kwenye swichi na sensa, hupitia programu yake, hutoa amri kwa mota na vali, kisha huanza upya, mara nyingi katika sekunde moja. Lakini hakina macho. Hujua tu kile kilichoambiwa.

Kwa hiyo mtambo unaposimama, fundi makini hakimbilii kukilaumu kidhibiti. Hutazama taa ndogo za habari zinazoingia, akazilinganisha na hali halisi. Ikiwa mlango wa kinga umefungwa lakini taa yake haiwaki, hutafuta kwanza kwenye swichi, waya, au umeme unaoilisha. Mara nyingi ugonjwa uko nje.

Hapo ndipo kishawishi kinapokuja. Kipande cha waya kifupi kama kidole huweza kuiruka ile swichi. Taa ikawaka, mtambo ukazunguka, meneja akashukuru. Tangu saa hiyo kidhibiti kitaamini kwamba mlango umefungwa, hata mkono wa mtu ukiwa ndani. Mwaka 2010 iligunduliwa programu ya hila iitwayo Stuxnet, iliyoharibu mashine za kurutubisha urani huko Natanz, Iran, huku waangalizi wakionyeshwa kwamba mambo ni shwari. Adui yule alihitaji maarifa makubwa. Sisi twahitaji waya tu.

Sisi watu wa Ijumbi tunao mfano wa karibu zaidi. Mnyauko wa migomba ulipoingia Kagera mwaka 2006, jani la njano lilikuwa ndiyo taa. Aliyelikata jani akauacha mgomba, kisha akahamia shina jingine na panga lile lile bila kulisafisha, aliiondoa habari na kuueneza ugonjwa.

Najua utetezi uliopo: mali inaharibika, vibarua wanasubiri ujira. Utetezi huo si upuuzi, kwani njaa ni ya kweli. Ikiwa sensa iliyokufa ilikuwa ya kuhesabu magunia tu, na iungwe kwa muda, mradi iandikwe kwenye daftari na zamu inayoingia iambiwe. Lakini ikiwa inalinda mwili wa mtu, mtambo na usimame. Anayefaidika na waya ule siye anayebeba hatari yake, na kijana wa zamu ya usiku hakuulizwa. Ujira wa siku moja hufidiwa, kidole hakifidiwi.