Nani Alilipa Gharama ya Furaha Yetu?

Mara ngapi tumewasikia wazee wakisema: «Zamani, tulipokuwa watoto kijijini, mambo yalikuwa mazuri»? Na mara ngapi vijana wamewajibu kwamba hayo ni ndoto tu? Basi leo tuulize: Je, ukumbusho mtamu wa utoto ni wa kweli, ama moyo watudanganya? Mambo ya nyumbani mwetu twayaamua kwa upendeleo, lakini ya nyumba ya mwingine twayaona vizuri zaidi. Kwa hiyo tutazame vijiji vya Uingereza, kwa maana watu wa kule wameandika vitabu vingi juu ya utoto wao, juu ya siku za vakansi na za mavuno.

Mwanamke mmoja, jina lake Flora Thompson, alizaliwa mwaka wa 1876 katika kijiji kidogo cha Juniper Hill, jimbo la Oxfordshire. Baba yake alikuwa mwashi. Mwaka wa 1939, umri wake ukiwa umepita miaka 60, alitoa kitabu kiitwacho Lark Rise, na baada yake vingine viwili. Humo msichana Laura ndiye yeye mwenyewe. Twawaona watoto na mama zao wakiokota masuke ya ngano baada ya mavuno, kama Ruthu wa Maandiko. Twamwona Laura na mdogo wake wakitembea kwa miguu maili 8, peke yao, kwenda kukaa siku za vakansi kwa jamaa zao katika mji mdogo. Huko jamaa mmoja, fundi wa viatu, ashona kazi yake huku Laura akimsomea kitabu. Na siku ya kuchinja nguruwe, nyumba nzima yafurahi, na majirani wapelekewa sahani ya nyama. Nani asiyesema: Heri utoto wa namna hii?

Lakini mama huyu hakuficha upande wa pili. Asema kwamba mfanyakazi wa shamba alipata shilingi 10 kwa juma, na kwa fedha hiyo alilisha watoto wengi. Yule nguruwe, mara nyingi nusu yake ilikuwa imekwisha kuwekwa rehani kwa mwoka mikate au kwa mwenye kinu, aliyewakopesha unga wa kumnonesha. Wasichana wakifika miaka 12 au 13 waliondoka nyumbani kwenda kuwa watumishi katika nyumba za watu, na sehemu ya mshahara wao waliwatumia mama zao. Mwishoni twasoma habari za vita vya 1914 hadi 1918: wanaume 11 wa kijiji kile kidogo hawakurudi. Edwin, ndugu yake Flora, aliuawa vitani mwaka wa 1916.

Tutazame na watoto wa London. Kwa miaka mingi, kila mwezi wa Septemba, maelfu ya familia za mitaa maskini ya mji ule walipanda gari la moshi kwenda mashamba ya Kent. Walikwenda kuchuma hopu, mmea ambao maua yake hutia bia uchungu wake. Watoto wale, walipozeeka, walisimulia siku zile kwa furaha kubwa: hewa safi, michezo mashambani, moto wa jioni, nyimbo. Waliziita vakansi zao. Lakini mama zao walichuma kutwa, wakalipwa kwa kipimo cha maua waliyochuma, na usiku walilala vibandani juu ya majani makavu. Shamba lilikuwa moja na siku ilikuwa moja. Mtoto alipumzika, mama alifanya kazi.

Na Laurie Lee, aliyekulia kijiji cha Slad katika Gloucestershire, alitoa mwaka wa 1959 kitabu kilichopendwa mno, Cider with Rosie. Ni kitabu kilichojaa jua na vicheko. Lakini ndani yake yumo mama aliyeachwa na mumewe, akilea watoto wake pamoja na watoto wa mke wa kwanza, akimngoja miaka mingi mtu asiyerudi.

Sasa tuamue. Wengine watasema: «Kumbe furaha ile ilikuwa uongo, kwa sababu chini yake palikuwa na taabu.» Sisi hatukubali. Mtoto aliyeshiba na kucheka alishiba kweli na kucheka kweli. Taabu ya mama haikuifanya furaha yake kuwa uongo, ndiyo iliyoizaa. Tena, Mtakatifu Agustino, katika kitabu cha kumi cha Maungamo yake, aonyesha kwamba mtu aweza kukumbuka huzuni ya zamani pasipo kuhuzunika, hata pengine kwa furaha. Ndiyo maana ukumbusho peke yake hautoshi kutuambia mambo yalikuwaje. Njaa iliyokwisha haiumi tena, na mtu aweza kuisimulia akicheka.

Wengine watasema: «Basi zamani ilikuwa njema, turudi huko.» Hao nao hatuwakubali. Mtoto huona chakula mezani. Deni la mwoka mikate halioni. Anayeisifu zamani yote kwa macho ya mtoto, anahukumu kesi akiwa amemsikia shahidi mmoja tu.

Twaona, basi, makosa mawili. Anayeikana furaha ya utoto wake anaitupa zawadi aliyopewa. Anayesahau gharama yake anamnyima haki yule aliyeitoa. Na kosa hili la pili lina hatari kwa watu walio hai. Mtu anayeamini kwamba furaha ya nyumbani hujiotea yenyewe kama majani, hataona kwamba leo, katika nyumba yake mwenyewe, mtu fulani anachoka ili watoto wacheke. Mara nyingi mtu huyo ni mke wake, au binti yake mkubwa aliyeachishwa masomo.

Flora Thompson alifariki mwaka wa 1947. Twamshukuru kwa kuwa aliandika mambo yote mawili katika ukurasa mmoja, nyama ya nguruwe na deni lake. Imetupasa kusimulia hivyo mbele ya watoto wetu. Tusiwaambie tu jinsi tulivyofurahi. Tuwaambie pia ni nani aliyeamka kabla ya jua, nani aliyekula mwisho, nani aliyeondoka ili wengine wabaki. Na kama mtu huyo angali hai, tusingoje kumwandikia kitabu. Twende tukamwulize ilimgharimu nini, kisha tukae tumsikilize mpaka amalize.