Uzuri wa Motokaa na Uhai wa Mtu

Twasikia mara nyingi kwamba motokaa za kale zilifanyizwa kwa upendo, na hizi ndogo za siku hizi ni mabati matupu. Je, ni kweli?

Tuitazame Jaguar E-Type, iliyoonyeshwa Geneva mwaka 1961. Injini yake ilikuwa ya lita 3.8, na watengenezaji waliitangazia mwendo wa karibu kilometa 240 kwa saa. Ni nzuri mno, hata Makumbusho ya Sanaa za Kisasa ya New York yanayo moja. Hatumlaumu mtu asimamaye kuitazama, kwani Mtakatifu Tomaso wa Akwino afundisha kwamba kizuri ni kile kipendezacho kikionwa. Lakini ilichukua watu wawili tu, wala haikuwa na mfuko wa hewa wa kumkinga dereva.

Toyota Vitz ilitoka mwaka 1999, nayo ina injini ya lita moja. Hakuna aisimamiaye njiani. Vijana wengine huicheka. Walakini yachukua watu watano, na chuma cha mbele kimepangwa kikunjike katika mgongano, ili nguvu ya pigo iishie katika bati isifike kifuani mwa mtu. Ni nani aliyeketi akawaza hivyo, kama si mtu aliyewajali mama na mtoto asiowajua, wala hatawaona kamwe? Upendo wa namna hiyo mpita njia hauoni, nasi twauhesabu kuwa mkubwa zaidi.

Mwenye Jaguar na aitunze, asione haya. Ila akiwapeleka watoto shuleni, twamsihi awapakie katika ile ndogo.