Mzinga wa Kondoa: Silaha katika Filamu za Vita na Wajibu wa Shahidi

Swali la uhalisi wa silaha katika filamu za vita, yaani kama bunduki, mzinga au kifaru kinachoonekana katika picha ndicho hasa kilichotumika katika vita vinavyosimuliwa, kwa kawaida huachiwa wapenzi wa silaha na wakusanyaji wa vitu vya kale, kana kwamba ni jambo la ufundi lisilohusu dhamiri. Ndani yake, hata hivyo, limo swali la zamani la falsafa na la dini: je, mtu anayebuni hadithi juu ya watu waliokufa kweli, katika nchi inayojulikana na katika mwaka unaotajwa, anawajibika kusema kweli juu yao, na kama anawajibika, wajibu huo unafika hadi kwenye kitu kidogo kiasi gani? Uwanda wa kati wa Tanzania, kuanzia Kondoa hadi Dodoma na Mpwapwa, unafaa sana kulipimia swali hili, kwa kuwa katika vita vya 1914 hadi 1918 mambo ya kweli yaliyotokea huko ndiyo yanayoonekana kama makosa kwa macho yaliyozoea sinema.

Kosa linalozungumziwa hapa linaweza kuitwa kosa la zama, nalo ni kukiweka kitu cha wakati mmoja ndani ya wakati ambao hakikuwapo. Filamu ya Zulu ya mwaka 1964 inasimulia mapigano ya Rorke's Drift ya Januari 1879, ambapo Waingereza walitumia bunduki aina ya Martini-Henry iliyojazwa risasi moja moja, lakini baadhi ya askari katika filamu wameshika Lee-Enfield, bunduki ambayo jeshi la Waingereza lilianza kuipokea mwaka 1895. Battle of the Bulge ya mwaka 1965 inaonyesha vifaru vya Kijerumani katika mapigano ya Ardennes ya majira ya baridi ya 1944, ilhali vifaru vyenyewe ni M47 vya Kimarekani vilivyoundwa baada ya vita kwisha na kuazimwa kutoka jeshi la Hispania. Sababu za makosa ya namna hii zinajulikana na hazina ubaya mkubwa: mtengenezaji wa filamu huchukua silaha iliyo karibu, iliyo nyingi na iliyo nafuu, akitumaini kwamba mtazamaji atatazama nyuso zaidi ya vyuma.

Je, huo ni uongo? Augustino, mwanateolojia aliyezaliwa Thagaste katika Algeria ya leo, aliligusa jambo hili mnamo mwaka 386 au 387 katika mazungumzo yake na akili yake mwenyewe, alipotambua kwamba mwigizaji hawezi kuwa mwigizaji wa kweli bila kuwa mfalme wa uongo, na kwamba farasi aliyechorwa hawezi kuwa picha ya kweli bila kuwa farasi wa uongo. Kwa hiyo sanaa ina udanganyifu usio dhambi, kwa sababu haukukusudiwa kumpotosha mtu na kila mtazamaji ameukubali alipoketi kutazama. Aristotle, karne nyingi kabla yake, alikwisha kutenganisha makosa ya aina mbili katika ushairi, yaani yale yanayoiharibu sanaa yenyewe na yale yanayotokana na kutojua jambo fulani la nje, akasema kwamba mchoraji asiyejua kuwa kulungu jike hana pembe amekosa kidogo kuliko yule aliyemchora vibaya hata asitambulike. Kwa kipimo hicho Lee-Enfield ya Rorke's Drift ni pembe za kulungu jike tu.

Kipimo hicho ni kizuri, lakini hakitoshi, kwa sababu kulungu hadai haki ya kusimuliwa kwa ukweli, na waliokufa vitani wanaidai. Hapa elimu ya hadithi za Mtume, ambayo kwa karne nyingi imekuwa ikipima habari zilizopokewa kinywa kwa kinywa, ina msaada mkubwa zaidi. Wanazuoni wake waliligeuza kosa la zama kuwa chombo cha kufichua uzushi: walilinganisha mwaka aliozaliwa msimulizi na mwaka aliofariki yule aliyedai kumsikia, na miaka ilipokataa kukutana, habari ikakataliwa. Al-Khatib al-Baghdadi, aliyefariki mwaka 1071, alipoonyeshwa hati iliyodai kwamba Mtume aliwasamehe Wayahudi wa Khaibar kodi ya jizya, aliikataa kwa kuwa mmoja wa mashahidi walioandikwa ndani yake ni Muawiya, ambaye alisilimu baada ya Khaibar kutekwa mwaka 628, na mwingine ni Saad bin Muadh, ambaye wakati huo alikuwa amekwisha kufa. Hati ile ilikuwa na mzushi mwenye nia, na filamu kwa kawaida haina nia hiyo, kwa hiyo hukumu zake haziwezi kuwa moja.

Linaloihusu filamu zaidi ni mgawanyo mwingine wa wanazuoni hao. Habari iliyopokewa na watu wengi katika kila kizazi, kiasi kwamba haiwezekani wote wawe wamekubaliana kuzua, huitwa mutawatiri, na habari isiyofikia wingi huo, hasa inayotegemea msimulizi mmoja au wachache, huitwa ahadi. Habari ya ahadi haitupwi kwa sababu ya uchache wa wasimulizi wake, bali msimulizi wake huchunguzwa kwa ukali zaidi, kwa kuwa akikosea hakuna mwingine wa kumsahihisha. Kutokana na mgawanyo huu inawezekana kusema kwamba uzito wa kosa la zama katika filamu hautegemei ukubwa wa kosa tu, bali hutegemea pia idadi ya mashahidi wengine alio nao mtazamaji. Mapigano ya Ardennes ya 1944 yana vitabu, majumba ya makumbusho, picha za wakati ule na kumbukumbu za askari wa pande zote, na kifaru cha uongo katika filamu moja hakiwezi kuushinda umati huo. Vita vya Afrika Mashariki, kwa mtazamaji wa kawaida wa dunia, vina shahidi mmoja au wawili wa sinema, na basi.

Shahidi mkuu ni The African Queen, filamu ya John Huston ya mwaka 1951 iliyotokana na riwaya ya C. S. Forester ya 1935, inayoanza katika misheni ya Kiingereza ndani ya Afrika Mashariki ya Kijerumani mnamo Septemba 1914, ingawa sehemu zake za Afrika zilipigwa picha Kongo na Uganda. Katika filamu hiyo askari wanachoma kijiji, mmisionari anafariki, na dada yake pamoja na nahodha wa mashua wanaizamisha manowari ya ziwani kwa torpedo, yaani makombora ya majini, yaliyotengenezwa kwa mitungi ya gesi. Katika Ugogo wa kweli, yaani nchi ya Wagogo ndani ya uwanda huu wa kati, wamisionari Waingereza wa Church Missionary Society, waliokuwapo Mpwapwa tangu miaka ya 1870, waliwekwa kizuizini na Wajerumani, na waliokuwa wamezuiliwa Tabora walifunguliwa Wabelgiji walipouteka mji huo Septemba 1916. Meli iliyoitia hadithi ile msukumo, Graf von Götzen, iliundwa Ujerumani, ikasafirishwa vipande vipande na kupelekwa Kigoma kwa reli ileile ya kati inayopita Dodoma, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe Julai 1916, ikaibuliwa baadaye, na mwaka 1927 ikaanza kufanya kazi katika Ziwa Tanganyika kwa jina la Liemba.

Sasa zitazamwe silaha. Vita vilipoanza, jeshi la Wajerumani lilikuwa na askari Waafrika wapatao 2,500, na wengi wao walikuwa bado wanashika Mauser ya mfano wa 1871, bunduki ya risasi moja moja iliyotumia baruti nyeusi, ambayo kila ilipofyatuliwa ilitoa wingu la moshi na kumwonyesha adui mahali alipo mfyatuaji. Wachache walikuwa wamepewa bunduki mpya zisizotoa moshi. Baada ya mapigano ya Tanga ya Novemba 1914, ambapo Waingereza waliokimbia waliacha bunduki 455, bombomu 16, yaani bunduki za rashasha, na risasi zipatazo 600,000, askari wa Mjerumani aliweza kuonekana ameshika bunduki ya Mwingereza. Mwaka 1915 manowari ya Kijerumani ya Königsberg iliharibiwa na kuzamishwa katika delta ya Rufiji, mizinga yake kumi ya milimita 105 ikaopolewa na kutengenezewa magurudumu, na katika Mei 1916 baadhi ya mizinga hiyo ya baharini ilikuwa katika vilima vya Kondoa Irangi, ikiwapiga Waafrika Kusini wa Jenerali van Deventer, waliopigana upande wa Waingereza, waliouteka mji huo tarehe 19 Aprili.

Mpenzi wa silaha aliyelelewa na sinema, akionyeshwa filamu yenye vitu hivi vitatu, atayaandika makosa matatu: bunduki iliyozeeka miaka 43, bunduki ya adui katika mikono isiyo yake, na mzinga wa manowari katika nchi kavu iliyo mamia ya kilomita kutoka pwani. Angekuwa amekosea mara zote tatu. Aristotle alimshauri mshairi achague lisilowezekana lakini linalosadikika kuliko linalowezekana lakini halisadikiki, na ushauri huo, unaofaa katika hadithi za miungu na mashujaa wa kale, unakuwa hatari unapotumiwa kwa nchi ambayo habari zake ni chache, kwa sababu kinachosadikika kwa mtazamaji ni kile alichokwisha kukiona katika filamu nyingine. Sinema iliyoundwa kwa vita vya Ulaya inakuwa kanuni ya kupimia vita vya Kondoa, na Kondoa inaonekana ya uongo kwa kuwa tu haifanani na Ardennes. Mtu mwaminifu kwa ukweli wa uwanda huu hana budi kukubali kuonekana amekosea.

Wapo wanaosema kwamba mjadala wa bunduki ni wa watu waliokosa jambo la maana la kujadili, na kwamba katika vita la maana ni mwanadamu. Hoja hii ina nia njema, lakini inatenganisha vitu visivyotengana. Moshi wa Mauser ya 1871 ni sehemu ya habari za aliyeifyatua, kwa kuwa unaeleza ni hatari kiasi gani aliwekewa na wakuu wake na thamani gani walimpa, na filamu inayomkabidhi bunduki isiyotoa moshi inamnyang'anya askari huyo hatari aliyoibeba. Mzinga wa Königsberg unaeleza zaidi. Wanyama wa kukokota walikufa kwa ugonjwa wa ndorobo, hata farasi wa van Deventer walikufa kwa wingi njiani, na palipokuwa hapana reli mzinga kama ule ulisogea kwa nguvu za mamia ya watu waliofungwa kamba. Risasi, chakula na bombomu navyo vilisogea juu ya vichwa na mabega ya wapagazi, ambao kwa upande wa Waingereza peke yao wanakadiriwa kufa wapatao 95,000 katika vita vyote, wengi kwa maradhi na njaa. Jina la Kariakoo la Dar es Salaam ni lao. Sanamu ya Askari iliyosimamishwa jijini humo mwaka 1927 inaonyesha mwenye bunduki peke yake, ilhali ile ya Nairobi, iliyofanywa na mchongaji yuleyule, inamwonyesha pia mpagazi, na kwa haki hiyo sanamu ya Nairobi inaeleza vizuri zaidi hata silaha zilifikaje vitani.

Waliobeba walitoka katika kaya, na kaya hizo ndizo zilizotoa nafaka na ng'ombe kwa majeshi. Dodoma ilikuwa chini ya Wajerumani hadi tarehe 29 Julai 1916, ilipotekwa na van Deventer, na jeshi jipya likachukua kutoka kwa watu walewale waliokwisha kuchukuliwa na jeshi la kwanza. Mvua ilipokosekana hapakuwa na akiba ghalani, mikono ya kulima ilikuwa imepungua, na mifugo ya kuuza au kubadilishana ilikuwa imekwenda. Njaa iliyofuata, ambayo Wagogo waliiita Mtunya na ambayo mwanahistoria Gregory Maddox aliichapishia utafiti mwaka 1990, ilidumu kati ya 1917 na 1920, na inakadiriwa kwamba watu 30,000 kati ya 150,000 wa wilaya ya Dodoma walikufa. Vifo hivi vilisababishwa na vita kama vilivyosababishwa na ukame, ijapokuwa haviwezi kuonyeshwa kwa mlio wa risasi.

Katika filamu ya Shout at the Devil ya mwaka 1976, manowari iliyobuniwa kwa kuifuata Königsberg inaitwa Blücher, nayo inalipuliwa kwa bomu na hadithi inaishia hapo. Ubunifu huo una haki yake kama ubunifu, lakini matokeo yake ni kwamba mizinga inazama pamoja na meli, haifiki Kondoa, haivutwi na mtu yeyote, na nchi nzima ya uwanda wa kati inaondolewa katika vita vilivyoiua. Kosa la zama la Rorke's Drift liliongeza kitu kisichokuwapo, na madhara yake ni madogo. Hapa kimeondolewa kilichokuwapo, na walioondolewa pamoja nacho hawawezi kusimama kujitetea.

Amri inayokataza kumshuhudia jirani uongo, ambayo Wakristo wa Mvumi na Mpwapwa katika uwanda huu wamefundishwa kwa vizazi, na karipio la Uislamu dhidi ya ushahidi wa uongo, ambalo Waislamu wa Kondoa wanalijua vyema, hayakutenga jirani aliye hai na jirani aliyekwisha kuzikwa. Msanii aliye huru kubuni watu, mapenzi na maneno yao anabaki huru hivyo, mradi asitaje mahali na mwaka wa kweli. Akivitaja, ameomba kusadikiwa, na anayeomba kusadikiwa amekwisha kuketi katika nafasi ya shahidi. Watengenezaji wa filamu wa Tanzania watakaovigeukia vita hivi wana wajibu mzito kuliko wenzao wa Ulaya, kwa kuwa ushahidi wao utakuwa wa wachache, na filamu itakayoonyesha mzinga wa Königsberg ukifyatuliwa Kondoa bila kuwaonyesha waliouvuta itakuwa imekosea silaha yenyewe, hata kama kila msumari wa mzinga huo uko mahali pake.