KARATA YENYE ALAMA

Rafiki kijana, umewahi kumwona mtu wa mazingaombwe akiitaja karata yako kabla hajaigeuza? Ukasema, "Huyu ana nguvu!" Sikiliza. Nguvu hana. Mgongoni mwa karata kuna nukta ya wino au mkwaruzo mdogo wa wembe. Wewe huoni, yeye anasoma.

Ujanja huu ni wa zamani. Girolamo Cardano wa Italia, daktari na mcheza kamari, aliueleza katika kitabu kilichochapishwa 1663, yeye akiwa ameshakufa. Mwaka 1861 Robert-Houdin, bingwa wa mazingaombwe Ufaransa, alitoa kitabu kizima kuwafichua wezi wa karata.

Jukwaani unadanganywa, unacheka. Kwenye kamari unadanganywa, unarudi nyumbani mfuko mtupu, na mama anangoja hela ya unga.

Kijana, Shetani naye anacheza karata zenye alama! Anakuachia ushinde mara mbili, halafu anachukua vyote. Ujanja wako hautamweza. Inuka mezani leo! Njoo kwa Yesu. Yeye hafichi kitu. Mikono yake i wazi, na alama zake ni za misumari, kwa ajili yako.